Nadhiri ya Taqwa na Kopo Lisilo na Jina

Haya nitakayoyaandika hamtayaamini, nami sitawalaumu. Niliyaona kwa macho yangu mawili, na macho yangu yanajulikana Kamwokya nzima, mtaa wetu wa Kampala, kwa kuona mbali, lakini siku nyingine mimi mwenyewe nayashuku. Ni habari za mwanamke aliyefungwa jela ndani ya uso wake. Mlango aliufunga kwa mkono wake, ufunguo akaumeza, kisha watu wakaja kumpongeza kwa nyumba nzuri.

Mwanamke huyo ni Taqwa, binti wa dada yangu Rukiah. Mimi ni mjomba wake, Abdulghani, fundi wa cherehani. Kwa wanaonipenda ni Mjomba Ghani, na kwa wanaonikwepa pia. Shule niliacha darasa la sita, maana walimu walikuwa wamekwisha kunifundisha yote waliyoyajua. Mkikuta herufi imekaa vibaya, kosa ni la kalamu.

Sisi ni watu wa pwani kwa upande wa babu wa babu. Alikuja Buganda na msafara kuuza vitambaa, akaonja matoke, akasahau njia ya kurudi. Taqwa alizaliwa mwaka mmoja baada ya vita vya themanini na sita, wakati watu wa Kamwokya wakilima maboga wanaokota maganda ya risasi. Mimi ndiye niliyemwadhinia sikioni. Sauti yangu ilifika mpaka kambini Makindye, wanajeshi wakashika bunduki. Dada yangu anasema haikuvuka hata ua wa jirani, lakini yeye siku ile alikuwa mgonjwa.

Binti akakua, akawa mpambaji wa maharusi. Kwetu bibi harusi huwekwa ndani siku kadhaa, akasuguliwa singo: liwa iliyosagwa, manjano, maganda ya limau yaliyokaushwa, maji ya waridi. Halafu hina, halafu piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua. Chumba hufungwa, wanaume hufukuzwa, nasi hubaki nje tukijifanya hatuna haja ya kujua. Mle ndani kila mwanamke huvua ushungi, hucheka, na husema maneno ambayo mimi nisingethubutu kuyaandika. Na kuna desturi moja, ishikeni vizuri, maana ndiyo iliyomnasa. Mpambaji hawezi kumpaka bibi harusi singo kabla hajaijaribu shavuni mwake mwenyewe, mbele ya mama mtu. Mama aone haiunguzi, aone na ngozi inavyotoka. Kwa hiyo uso wa mpambaji ndio kibao cha duka lake, na kibao cha Taqwa kilikuwa kizuri. Alifanana nami.

Chunusi zilimwanzia kidevuni. Kitu cha kawaida kabisa, mafuta yamejaa kwenye vinyweleo yakaziba. Lakini chunusi moja ikitokea Kamwokya, matabibu mia hutokea nayo. Mama yake alisema limau na sukari. Nakhisa, rafiki yake Mluhya kutoka Bungoma mwenye saluni jirani na kibanda changu, alisema dawa ya meno. Mimi nilisema majivu ya maganda ya ndizi, na nilisema kwa sauti ya mtu aliyeandika kitabu. Hakuna aliyemwambia: osha kwa sabuni ya kawaida asubuhi na jioni, usikamue, nenda duka la dawa lenye mfamasia umwulize ya chunusi, kisha ungoje wiki kadhaa bila kubadilibadilisha. Ushauri kama huo ni wa bure na hauna utamu, nani angeutoa?

Basi akapaka, akasugua, akakamua. Chunusi zikaondoka zikaacha madoa meusi, na ngozi yetu sisi weusi haisahau upesi. Mteja mmoja akamwonea huruma, akamchukua mjini kwa jamaa mmoja mchanganya mafuta. Jamaa alikaa nyuma ya meza akichota huku na kule kwa kijiko kama mpishi wa pilau, akamjazia kopo jeupe. Halikuwa na jina wala maandishi, hata picha ya mwanamke anayecheka haikuwepo.

Baada ya siku chache tu uso wa Taqwa ukawa kioo. Chunusi hazionekani, madoa yamefifia, mashavu yanang'aa. Nakhisa akapiga vigelegele. Mimi nikasema ni yale majivu ya ndizi yamechelewa kufanya kazi.

Miezi ikapita. Siku moja kopo likaisha na yule jamaa akawa amesafiri. Kesho yake uso ukaanza kuwaka. Kesho kutwa ukavimba, ukawa mwekundu, vipele vikazunguka mdomo kama siafu waliozunguka nyama. Taqwa alipopata kopo jipya akajipaka, na kabla ya adhuhuri uso ukatulia. Ndipo alipoelewa. Mafuta yale yalikuwa yamekwisha kuacha kumtengeneza. Yalikuwa yakimshika kwa kamba. Akipaka, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa myekundu inaonekana, nywele za malaika zinaota shavuni kama za kijana wa kiume. Akiacha, moto.

Ukuta kati ya kibanda changu na saluni ya Nakhisa ni wa mbao nyembamba. Mimi sisikilizi mambo ya wanawake. Ni masikio yangu tu hayana adabu.

"Acha hiyo kitu, Taqwa," Nakhisa alikuwa akisema. "Angalia hapa chini ya jicho, ngozi imekuwa kama karatasi ya sigara."

"Nimeacha mara ngapi? Nikiacha unaona ninavyokuwa."

"Si ungoje tu ipoe."

"Ningoje wapi, Nakhisa? Jumamosi nina harusi. Mama mtu ataniambia jaribu singo, nijaribu kwenye uso gani?"

Nikasikia kitana kikiwekwa mezani.

"Basi rudia kidogo," akasema, sauti imeshuka. "Tumalize hizi harusi kwanza."

Harusi za Kampala hazimaliziki. Zingekuwa zinamalizika, mimi ningekuwa nimeonja pilau mara chache zaidi.

Alirudia, lakini safari hii uso haukutulia, na Jumamosi hiyo Taqwa alitoka amevaa nikabu. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuivaa. Aliniambia ni vumbi la barabara. Kwa wanaume hilo lilitosha, maana mwanamme ukimwambia ni vumbi huangalia viatu vyake akaendelea. Shida ilikuwa mle chumbani.

"Taqwa mwanangu," mama wa bibi harusi akamwambia, "humu tuko wanawake watupu. Funua uso, tuone singo."

Yeye mwenyewe alinisimulia baadaye. Anasema mkono ulipanda mpaka kwenye kitambaa ukagoma. Ulimi ukaona pengo, ukaruka.

"Nisamehe, mama. Nimeweka nadhiri. Sifunui uso mbele ya mtu yeyote mpaka Mungu anipe nilichomwomba."

Chumba kizima kikasema "Mashallah!" Mama mtu akafuta machozi. Singo ikajaribiwa kwenye kifundo cha mkono, na mlango wa jela ukafungwa taratibu, kwa heshima zote.

Habari ikaenea kupita umeme wetu. Kila mwenye harusi akamtaka mpambaji mwenye nadhiri, kwamba mkono wake una baraka. Wapambaji wadogo wa mjini wakaanza kuvaa nikabu na kujaribu singo kwenye kifundo cha mkono. Ndipo Bi Shamsia, mwalimu wa darsa ya wanawake, mama mnene mpole mwenye sauti ya kutuliza watoto, akamsimamisha mbele ya wanafunzi wake.

"Mtazameni dada yenu," akasema. "Huyu amemwachia Mungu uso wake."

Wakamtazama. Palikuwa na macho mawili na kitambaa.

Sasa hebu mwenye akili aniambie angetokaje. Akijifunua, kibao cha duka kimeoza na wateja wamekwenda. Akijifunua, nadhiri ni uongo, na uongo wenyewe umesemwa kwa jina la Mungu. Msikitini akaacha kwenda, kwa kuwa mwanamke haswali amefunika uso, hata akiwa upande wa wanawake. Akawa anaswali peke yake chumbani, pazia limeshushwa. Kutawadha ndiko kulikomwadhibu zaidi. Maji baridi yakigusa mashavu yale, alikuwa akiuma upindo wa kanga asipige kelele. Nyumbani, maana sote tunakaa kwa Rukiah, akala na mgongo umetugeukia. Mama yake akadhani ni ibada. Mimi nikamtania, nikamwita Bibi Pazia, nikamwuliza kama Mungu amekwisha kumjibu au laini ina shughuli. Hakucheka. Mpwa wangu tangu ana meno mawili hajawahi kuacha kunijibu, na siku ile hakunijibu.

Yule jamaa wa kijiko akahama mjini moja kwa moja. Wakubwa walikuwa wakikamata wachanganya mafuta, naye hakungoja salamu. Kopo la Taqwa likabaki mkwaruzo. Akawa anapaka kwa ncha ya kidole, leo shavu hili, kesho lile, kama mtu anayelisha watoto wawili kwa kijiko kimoja.

Siku lilipokauka alikuwa na kazi Bugolobi, kwenye maghorofa, kwa bibi harusi wa watu wenye nafasi. Umeme ulikatika, feni ikasimama, madirisha yamefungwa ili singo isikauke upesi. Nikabu ikalowa jasho na usaha, ikagandamana na ngozi. Akachora piko mikono yote miwili, maua kwa maua, pumzi yake mwenyewe ikimrudia usoni kama mvuke wa chungu.

"Dada, mbona unatetemeka?" bibi harusi akauliza.

"Hina ni baridi, mpenzi," akasema. Mwili wake ulikuwa ukichemka kwa homa.

Aliporudi alasiri nilikuwa mlangoni nafunga mkanda wa cherehani. Nikamtazama pale penye uwazi wa nikabu. Jicho la kushoto lilikuwa jicho. La kulia lilikuwa punje ya kahawa.

"Taqwa. Twende hospitali."

"Siendi."

"Jicho limeziba."

"Nimejipaka wanja vibaya."

"Mimi nimeoa mara tatu, naujua wanja. Twende."

Akaegemea ukuta. Sauti ilitoka chini ya kitambaa kama ya mtu aliye ndani ya pipa. "Pale kwenye kliniki ya ngozi foleni yote ni wateja wangu na wanafunzi wa Bi Shamsia, Mjomba. Daktari atasema funua. Nikifunua kabla ya nadhiri kutimia, nimemdanganya Mungu. Nikisema imetimia, wataniuliza: huu ndio uso uliouomba?"

Nawaambieni, mimi sikosi la kusema. Hata kwenye mazishi watu hunikanyaga mguu ili ninyamaze. Hapo niliinama nikaufunga upya mkanda uliokuwa umekwisha kufungwa. Akaingia chumbani akashusha pazia. Dada yangu Rukiah alikuwa Makindye kwenye msiba, nyumba ni mimi na yeye tu.

Alfajiri nikaingia jikoni. Nikachukua manjano, unga wa ngano na ukoko wa uji wa jana, nikajibandika shavu zima. Nilipojiangalia kwenye kioo nilifanana na andazi lililokataliwa na mbwa. Nikagonga mlango wake nikilia.

"Mpwa wangu! Nimeshikwa na ukoma!"

"Mjomba?"

"Usinisogelee! Nipeleke hospitali. Naogopa peke yangu. Mama yako hayupo, nani mwingine atanishika mkono?"

Nikaongeza kilio, cha juu kidogo. Mjomba akiomba kusindikizwa, mpwa hakatai. Hiyo iko kabla ya nadhiri. Baada ya muda nikasikia viatu.

Kliniki ya ngozi ilikuwa imejaa. Hatujakaa sawa, mwanamke mmoja akasema kwa furaha, "Si ni dada wa nadhiri huyu! Umekuja kumtazama mgonjwa?" Taqwa akasimama kutaka kuondoka. Nikaanguka kifudifudi. Nikaanguka vizuri sana, jamani, banange, mpaka muuguzi akaturusha foleni.

Daktari Otema alikuwa mwanamke Mwacholi, mrefu, mwenye uso wa mtu asiyependa hadithi ndefu. Alichukua pamba yenye maji akanifuta shavu mara moja. Akainusa pamba.

"Mzee," akasema, "ugonjwa huu unatibiwa kwa wali." Hakucheka. Alikuwa tayari anatazama nyuma yangu. "Na wewe dada, jicho hilo limeanza lini?"

Taqwa akavuta kitambaa mpaka kwenye kope.

"Mzee, toka nje."

Nikatoka hatua moja. Pazia la hospitali ni kitambaa, na masikio yangu mnayajua.

"Daktari, mimi nina nadhiri."

"Mimi si Mwislamu, sijui nadhiri. Najua jicho. Uvimbe ukiwa karibu na jicho na homa ipo, mtu hangoji kesho. Ukingoja, hiyo nadhiri unaweza kuitimiza gizani."

Nikasikia kiti kikivutwa karibu.

"Uliomba nini kwani?" daktari akauliza.

"Uso."

"Basi nioneshe nianze kazi."

Nilisikia kitambaa kikibanduka, maana kilikuwa kimegandamana. Nikasikia pumzi ya Taqwa ikitoka yote, kama ya mtu aliyekaa chini ya maji tangu mwaka jana. Daktari hakusema "ole" wala "mama yangu wee." Alisema tu, "Geukia dirishani. Vizuri. Na kopo unalo?"

Alikuwa nalo kwenye mkoba. Tupu, lakini alikuwa akitembea nalo.

Daktari akamweleza bila kumkaripia. Mafuta kama yale huchanganywa dawa kali ya steroidi, ambayo daktari humpa mtu kwa siku chache, kwa ugonjwa maalumu, na usoni kwa tahadhari kubwa. Ukiipaka miezi na miezi, ngozi huzoea, ikawa haiwezi kukaa bila hiyo. Ngozi iliyochoka hupasuka, vijidudu huingia, na ndivyo vilivyofika kwenye kope. Akamlaza siku hiyo hiyo, akamtundikia dawa ya kuua vijidudu. Jicho likaanza kufunguka.

"Sasa sikia na hili lisilopendeza," daktari akamwambia. "Kabla ya kupona, uso utazidi kuwa mbaya. Wiki kadhaa, labda miezi. Utataka kurudia kopo. Usirudie, njoo kwangu. Maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo na harufu, mafuta mepesi, vidonge hivi, kofia ukitembea juani. Hakuna limau, hakuna dawa ya meno." Akanitazama mimi niliyekuwa nimechungulia. "Na hakuna majivu."

Sijui nani alimwambia.

Bi Shamsia akaja wodini na chupa ya chai. Hakuna aliyemwita; foleni ndiyo iliyompelekea habari. Taqwa alikuwa kitandani, uso wazi, hana pa kukimbilia. Akaanza kulia kabla ya salamu.

"Bi mkubwa, haikuwa nadhiri. Nilisema tu. Nilikuwa najificha."

Bi Shamsia alimtazama, usaha, vipele na yote. Kisha akafungua chupa akamimina chai.

"Kama hukuweka, basi hakuna nadhiri ya kuvunja. Kuna uongo, na uongo una toba, mlango wake hauna foleni. Tena dini gani ikuambie uache mwili uoze?" Akamshikisha kikombe. "Na mimi nilikusimamisha mbele za watu bila kukuuliza unaumwa nini. Tugawane hilo."

Msidhani kuanzia hapo ilikuwa sherehe. Miezi ile ya kungoja ilikuwa jela ile ile, isipokuwa sasa ilikuwa na dirisha. Uso uliwaka kama daktari alivyosema. Siku nyingine Taqwa alikaa kwenye kibanda changu amekalia mikono ili isijikune. Wateja wengine walihama. Nakhisa akawa anamletea kitambaa kilicholoweshwa maji, akimbandika shavuni na kumsimulia umbea wa saluni mpaka anacheka kwa maumivu. Nikabu ilikuwa imefuliwa, inaning'inia msumarini, nami nilimwona mara nyingi akiitazama. Hakuichukua. Wanaoivaa kwa moyo wao wana heshima yao, alisema, yeye aliivaa kwa woga.

Siku moja katikati ya miezi hiyo nilikuwa najisifu jinsi nilivyomhadaa kwa ule ukoma. Akasema, "Mjomba, manjano niliyanusa tangu mlangoni. Nilikuwa nimekaa usiku mzima nikiomba mtu anitoe kwa nguvu, akaja mtu na ukoko wa uji."

Ilinibidi nitafute bisibisi iliyokuwa mkononi mwangu.

Leo amerudi kazini. Singo anaijaribu kwenye kifundo cha mkono, uso wazi, na anawaeleza akina mama kwa nini. Kabla hajamgusa bibi harusi humwambia, "Lete unachopaka usoni nikione." Kopo likiwa halina jina, hapambi mpaka binti amemwona daktari. Wengine hukasirika. Wengine hurudi.

Na uso wenyewe, wasomaji wangu, sasa unang'aa hivi kwamba umeme ukikatika Kamwokya mafundi wa cherehani huja kutunga nyuzi mbele yake, ngozi laini kama ganda la yai, hakuna kovu, hakuna doa, hakuna hata—

"Hakuna hata nini, Mjomba?" Taqwa anasema, akisoma juu ya bega langu. "Na kovu hili hapa ni nini? Shavu la kulia, chini ya jicho. Liandike."